Kilo za Dalali

Tumemzika Dalali, lakini ugomvi wangu naye haujaisha. Kwanza kuna lile la kunitangaza mbele ya mnada mzima. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Nimevaa gauni jipya la kitenge, nimesimama kando ya mizani ya ng'ombe na daftari langu, najiona karani hasa. Yule mzee akapita, akanitazama kuanzia kisigino hadi kilemba, kisha akatamka kwa sauti iliyofika mpaka barabara ya Bugarama: "Themanini na mbili, bila viatu." Wachungaji walicheka hadi wakaegemea fimbo zao. Nikanuna siku nzima. Mnada uliofuata niliwahi kabla watu hawajafika, nikavua viatu, nikapanda mizani ya ng'ombe peke yangu kama mwizi. Ikasoma themanini na mbili.

Hivyo ndivyo tulivyofahamiana, na kwa miaka kumi na tisa tukafanya kazi bega kwa bega, yeye akitangaza na mimi nikiandika. Jina alikuwa nalo, ila sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Hata mkewe, Mama Kabula, alimwita Dalali, na watoto wao hivyo hivyo walipokuwa wamekasirika. Siku ya mazishi mhubiri alipomtaja kwa jina la ubatizo, watu wa nyuma walianza kuulizana anazikwa nani.

Alikuwa mrefu, mnene kwa juu na mwembamba miguuni, na koti lake la kijivu halikuvuliwa hata jua la mwezi wa kumi likichoma namna gani. Vijana wa mnada walimletea kipaza sauti siku moja. Akakigeuza-geuza, akauliza kinakula nini, akawarudishia. Kila asubuhi kabla hajasalimia binadamu alipita zizini akiwaambia ng'ombe "mwangaluka", na alikuwa na subira ya kungoja kama vile watamjibu. Fahali aliyevunja boma alimshika pembe kwa mkono mmoja huku akiongea na mtu mwingine. Lakini bata aliwaogopa, tena woga wa kukimbia. Mama Kabula aliligundua hilo mapema kwenye ndoa, akafuga bata sita mlangoni mwa jiko, na tangu hapo hakuna nyama iliyowahi kupotea chunguni.

Siku za mnada wachimbaji nao walikuja, maana supu ya mnadani iliwavuta toka mashimoni. Kijana mmoja alimletea jiwe amefunika kwenye kitambaa, akamwomba alipime kwa mkono aseme kama lina dhahabu. Dalali akalishika, akafumba macho, akalipandisha na kulishusha, watu wote kimya. Akasema, "Humu ndani mna jiwe." Yule kijana hakukasirika. Alimnunulia supu.

Kwa ng'ombe, lakini, hakukosea. Mizani ilipoletwa watu walisema Dalali sasa kazi hana. Yeye akaipokea kama baba anavyompokea mkwe, kwa heshima na kwa mashaka. Kila mnyama alimtangazia kilo kwanza, halafu mimi ndiyo nisome. Wakipishana kwa kilo mbili tatu alitikisa kichwa kuihurumia mizani. Ikipishana naye kwa kilo tano alimkasirikia ng'ombe.

Sasa niwaambie mchezo mmoja wa huku kwetu, kwa kuwa bila huo hamtamwelewa. Wapo wafugaji, siwataji maana ni majirani zangu, wanaomlambisha ng'ombe chumvi kabla ya siku ya mnada. Asubuhi wanampitisha bwawani. Mnyama ana kiu ya kufa, anakunywa mpaka anakuwa pipa, na pale mizanini anasoma kilo ishirini au thelathini za ziada. Mnunuzi anaondoka na ng'ombe wake, na njiani nusu ya alichonunua kinaishia kwenye mkojo. Mimi nilijifunza kumjua mnyama wa namna hiyo kwa kufundishwa na Dalali: tumbo linakuwa limekaza, lakini shimo la nyonga liko palepale, na hawezi kusimama bila kukojoa.

Dalali akimwona, hakumtukana mwenye ng'ombe wala hakuita mgambo. Alivua kofia na kutangaza taratibu, "Huyu mgeni wetu ana kiu ya jana. Arudi nyumbani, alale, aje akiwa mkavu." Basi. Mwenye ng'ombe aliondoka akiangalia chini, na mnada uliofuata alirudi na mnyama wake mkavu kama mchembe wa viazi. Hakuna aliyebisha. Niliwahi kuona diwani mzima akirudishwa na ng'ombe wake.

Mtu mwenye msimamo kama huo ungedhani hasemi uongo. Wee! Dalali alikuwa mwongo wa kupigiwa mfano, ila uongo wake wote ulikuwa kwa binadamu. Aliiambia kwaya ya kanisa kwamba imenoga siku ambayo mpiga kinanda mwenyewe alikuwa ameziba sikio. Alimwambia mama mmoja kwamba kitoto chake kimefanana na malaika, kitoto chenyewe jamani, Mungu anisamehe. Mimi niliunguza nsansa siku moja, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, ikawa nyeusi, inanuka moshi nyumba nzima. Yeye akala, akasema nsansa ya namna hii aliikula mara ya mwisho kwa mama yake, akaongeza. Siku za sikukuu alikula nyumba tano na kila nyumba iliamini imemshibisha yeye peke yake.

Nilimuuliza siku moja, kwa nini mtu anayewarudisha madiwani kwa ajili ya maji ya ng'ombe anaweza kula majivu na kuyasifu. Akanieleza kwa upole kama anayemfundisha mtoto hesabu: "Ng'ombe nikimsifu uongo, kuna mtu ataumia. Nsansa yako nikiisifu, nani kaumia?" Nikamwambia tumbo lake ndilo limeumia. Akasema tumbo ni lake.

Ndiyo hilo tumbo likaja kuumia kweli. Saratani ya utumbo mpana. Walimpasua Mwanza, wakatoa walichoweza, wakampangia dawa za dripu za kila baada ya wiki kadhaa. Hayo yote aliyapokea vizuri, akatania manesi, akaonyesha kovu kwa watu ambao hawakuomba. Kilichomshinda ni kukonda. Dalali niliyemjua alikuwa na kilo tisini na moja. Katika mwaka mmoja akafika sitini na moja, na koti la kijivu likawa linatembea na yeye anafuata.

Huku kwetu mtu akikonda kila mtu anakuwa daktari. Wa kwanza akanong'ona amerogwa kwa sababu ya lile jicho lake, wa pili akasema ni ule ugonjwa, wa tatu akasema hapikiwi. Hilo la tatu ndilo lililomchoma Mama Kabula. Mwanamke aliyelisha nyumba ile kwa miaka arobaini, aambiwe mumewe hapikiwi! Akaanza kupika kama ana harusi. Uji wa karanga, mchuzi wa kongoro, samaki kutoka Nkome, maziwa mgando, viazi. Majirani nao wakaleta kuku. Na Dalali, aliyekula majivu yangu akaongeza, alikuwa akiona sahani anageuza uso. Aliniambia chakula kilimnukia udongo. Anatia tonge mdomoni, linazunguka halina pa kwenda.

Kwa vile kukataa chakula cha watu kulimshinda, akaanza kumlisha mbwa chini ya meza. Yule mbwa alinenepa mpaka akaota shingo. Siku moja nilimkuta amelala kwa mgongo uani, hawezi hata kunibwekea, na Mama Kabula amekaa pembeni yake anamtazama, analia bila sauti. Alikuwa ameelewa kuku wale walikokwenda. Aliacha kuimba. Zamani ukipita uani kwao lazima umsikie anaimba jikoni, nyimbo za kanisa na za kulimia amezichanganya. Ikawa kimya, kama nyumba iliyokwisha fiwa.

Goti la Mama Kabula halikumruhusu safari za Mwanza, kwa hiyo akaniomba nimsindikize mzee. Nilikubali nikilalamika, kama kawaida yangu. Huko ndiko tulikokutana na Daktari, binti mdogo mwenye sauti ya chini, aliyempigia Dalali shikamoo ya kuinama kabisa. Dalali akampenda pale pale. Akamwita Daktari mwanangu. Daktari alipomuuliza kama anakula, akajibu kwamba jana tu amemaliza sato mzima, hadi kichwa. Nikamkanyaga mguu. Daktari akaniangalia mimi, nikatikisa kichwa, akaandika nilichotikisa.

Ndipo akatueleza jambo ambalo nimelirudia kwa watu wengi tangu siku ile. Alisema kukonda kule si uvivu wa kula wala si mapishi ya mke. Alilirudia la mke mara mbili nilipomwomba, nikaliweka moyoni niende nalo nyumbani. Alisema ugonjwa wenyewe unaujaza mwili protini fulani, inakwenda na damu mpaka kwenye ubongo na kuuambia kwamba chakula hakitakiwi, kinachefua. Ubongo unaamini. Mtu anakonda huku chungu kimejaa. Sasa kuna sindano ambayo bado inajaribiwa, ya kingamwili. Mwili wetu unatengeneza kingamwili zake wenyewe za kukamata vijidudu, ila hii imetengenezwa maabara kwa kazi moja tu, kuidaka ile protini njiani kabla haijafikisha habari.

Dalali alisikiliza amekunja paji la uso. Akasema, "Kumbe ndani yangu kuna dalali mwenzangu. Tena mwongo." Daktari akacheka, akasema unaweza kusema hivyo. Dalali akauliza kama sindano ndiyo mgambo. Daktari akasema ndiyo, mgambo anayemsubiri mtu mmoja tu langoni. Mzee akasema hajawahi kumwona mgambo wa namna hiyo lakini anamtaka.

Daktari akawa mkweli kwake. Alisema haijathibitishwa kwamba itamsaidia. Wengine watachomwa dawa na wengine maji yasiyo na dawa, na hata yeye hatajua nani kapata nini mpaka mwisho, ili macho yasidanganywe na matumaini. Atachomwa kila baada ya wiki nne, na kila safari atapimwa damu na uzito. Anaweza kujitoa siku yoyote. Dalali akataka asomewe ile fomu mara tatu. Alisema katika maisha yake hajaona mnada ambao hata muuzaji hajui anauza nini, na asingependa kuukosa. Akasaini kwa mkono wake, herufi kubwa kubwa.

Safari ya pili mizani ikasoma sitini na mbili. Ya tatu, sitini na nne. Ya nne, sitini na tano na nusu. Sitasahau Mama Kabula alivyoipokea ile kadi ya kliniki. Aliipeleka kwa majirani wote, hasa wale wa kuku. Akaibandika ukutani juu ya kalenda. Na jikoni akaanza tena kuimba.

Mimi nilifurahi ilipopanda mara ya kwanza. Ya pili nikaanza kumchunguza. Maana mimi ni karani wa mizani, nimeangalia wanyama miaka kumi na tisa, na wa kunifundisha alikuwa yeye. Mkanda wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya, la ndani zaidi. Mashavu hayakuwa yamepanda hata kidogo. Na wakati wa kurudi alimsimamisha dereva wa basi mara nne kabla hatujafika Geita, kila mara akishuka mbio kuelekea vichakani huku abiria wanalalamika. Tumbo limekaza, nyonga ziko palepale, hawezi kutulia bila kukojoa. Nikajiambia hapana, si Dalali. Nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Safari ya nne ndiyo iliyoniamsha. Daktari aliangalia karatasi zake akafurahi, akasema dozi za zile dawa za dripu hupangwa kwa kufuata uzito wa mtu. Kwa kuwa mzee anapanda vizuri, safari ijayo akiendelea hivi, ataipandisha. Alisema pia ni dawa kali, ndiyo maana wanapima kwa uangalifu. Dalali akaitikia kwa kichwa, anatabasamu, mtoto mzuri wa darasani. Mimi nikaanza kuhesabu maji yaliyomo kwenye kilo zile.

Safari ya tano tulilala nyumba ya wageni karibu na hospitali, vyumba viwili vya jirani. Asubuhi nilimgongea mlango nikaingia kabla hajajibu. Nilimkuta amesimama mbele ya beseni na jagi la maji la lita mbili, na kiganjani ana chumvi.

"Unafanya nini, Mzee?"

"Napiga mswaki."

Nikamuuliza kama anapiga mswaki kwa jagi zima. Akaitazama chumvi, akanitazama mimi. Akaniambia nikae. Nikasema sikai.

Akaniuliza kama nimemsikia Mama Kabula siku hizi. Akasema tangu apasuliwe nyumba yake ilikuwa msibani kabla ya msiba. Mke anapika analia, anaosha vyombo analia. Siku ya kwanza alikunywa maji mengi kwa sababu ya joto tu, mizani ikapanda kilo moja, na jioni yake, alipokuwa amelala, akasikia wimbo jikoni. "Karani, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningeandika kilichopo."

"Ndiyo maana hujapata mume wa pili."

Lilikuwa la kweli na liliniuma, lakini sikumpa nafasi ya kunitoa kwenye reli. Nikamuuliza na Daktari je. Hapo akainamisha kichwa. Akasema alimwonea huruma yule binti, anavyoifurahia kalamu yake akiandika namba iliyopanda. Na tena, akasema kwa sauti ndogo, ng'ombe anayekonda hufutwa kwenye daftari la mnada, anarudishwa. Yeye asingependa kufutwa. Kumbe miezi yote ile mzee wa watu alidhani wanaokonda wanarudishwa nyumbani. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alijitungia mwenyewe kutokana na kazi yake.

Nilipandwa na hasira nikataka kulia hapo hapo. Nikamwambia leo wanampandishia dozi. Dozi ya mtu wa kilo sitini na tano itaingia kwenye mwili wa mtu wa kilo ngapi, atajibu yeye mwenye jicho. Na huko mbele kuna mgonjwa mwingine amelala mahali, hata hatumjui, watasoma kilo zake hizi waseme sindano inanenepesha, kumbe walipima maji ya bomba. "Wewe ndiye uliyeniambia ng'ombe akisifiwa uongo kuna mtu ataumia. Sasa yuko wapi huyo mtu? Mtangaze."

Alikaa kitandani. Chumvi bado iko kiganjani. Nilimwona alivyokuwa mdogo ndani ya lile koti, nikajuta ukali wangu, ila sikuurudisha. Akauliza, "Na wakinifuta?"

Nikamwambia wakimfuta tutapanda basi turudi nyumbani. Akasema vikombe viwili ameshakunywa. Akanawa mkono, akamwaga jagi lote kwenye beseni, akavaa kofia yake.

Kliniki ilikuwa imejaa. Alipoitwa, alipanda mizani, akavua kofia, na kabla Daktari hajainama kusoma, akatumia sauti ile ya uwanjani. Mlango ulikuwa wazi, ukumbi mzima ukamsikia. "Daktari mwanangu, huyu mgeni wako ana kiu ya jana. Alilambishwa chumvi, na aliyemlambisha ni yeye mwenyewe. Kilo za safari tatu usizihesabu."

Nilitegemea binti atacheka. Hakucheka. Aliweka kalamu chini, akafunga mlango, akamuuliza chumvi kiasi gani, maji kiasi gani, lini na lini. Akampima presha mara mbili, akachukua damu kuangalia figo na chumvi ya mwilini. Kisha akakaa mbele yake, magoti karibu yaguse yake, akamwambia kwa sauti yake ya chini, "Mzee wangu, leo ningempa dawa mtu ambaye hayupo, na wewe ndiye ungeumia." Dalali aliomba radhi kwa Kiswahili, halafu kwa Kisukuma, halafu akarudia kwa Kiswahili. Nilipomweleza Daktari habari ya kufutwa, akashika kichwa. Akasema hakuna anayefutwa kwa kukonda; wanaokonda ndio hasa wanaowatafuta, na mizani ikishuka nayo ni habari. Akaandika yote kwenye faili kama yalivyo, akasema lazima awaarifu wakubwa wake. Akamwambia arudi nyumba ya wageni, alale, aje kesho akiwa mkavu. Naapa aliyasema maneno hayo bila kufundishwa na mtu. Nilitoka nje nikacheka peke yangu ukutani mpaka nesi akaniuliza kama nahitaji maji.

Kesho yake ikasoma hamsini na nane.

Mpaka leo hatujui kama Dalali alichomwa dawa au maji. Majibu ya jumla hayajatoka, na yakitoka yeye hayupo kuyasikia. Wakubwa walimbakiza, ile tabia yake ikaandikwa, dozi ikapangwa kwa kilo za kweli. Mimi ninachojua ni kwamba miezi iliyofuata aliniambia samaki ameacha kunuka udongo, na sikujua kama huo ulikuwa uongo wa heshima au la, ila mbwa alipungua. Kilo zake zikakaa hamsini na nane, hamsini na tisa, mara moja sitini, zote kavu. Alirudi mnadani mara kadhaa, akatangaza akiwa amekaa kwenye kiti. Saratani yenyewe ndiyo iliyorudi baadaye na kumchukua, katika msimu wa kuvuna pamba.

Lakini nikimkumbuka, siendi msibani. Nakwenda jioni ile tuliyorudi na kadi ya hamsini na nane. Kwenye basi hakushuka hata mara moja. Tulipovuka Busisi akaniomba mimi ndiye nimsomee Mama Kabula. Nikakataa. Baada ya Geita akaniomba tena, akaniahidi hatataja kilo zangu mpaka afe. Nikakataa, ingawa kwa hili nilifikiri kidogo. Akawa anajisemea kimoyomoyo, midomo inacheza, anatunga namna ya kulitangaza.

Mama Kabula alikuwa amesimama mlangoni, ametandaza mkono aipokee kadi kama kawaida. Dalali hakumpa. Alisimama uani, bata wanamzunguka miguuni na yeye hata hawaoni, akasema tu, bila sauti ya uwanjani, "Hamsini na nane, Mama Kabula. Zile zingine nilikunywa maji na chumvi."

Nilimtazama mwanamke yule, najiandaa kumshika akianguka. Hakuanguka. Alichukua kadi, akaisoma, akaikunja.

"Chumvi ya nyumba hii nainunua mimi," akasema. "Tuko wawili, tena wewe huli, na kila ukisafiri pakiti inaondoka. Ulidhani nitafikiri nani anaila?"

Dalali akauliza, "Mbona uliimba?"

"Nikiimba ulikuwa unaongeza matonge mawili. Nilikuwa nayahesabu kwa dirisha la jiko."

Dalali alikaa kwenye benchi la mlangoni akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Mama Kabula aliinama taratibu kwa ajili ya goti lake, akakaa chini mbele yake, akaanza kumfungua kamba za viatu. Hakuna aliyenikumbuka. Nikachukua mkoba wangu nikaenda nyumbani.